Mpini wa Jumanne

Saa kumi jioni jalada lingetoka mezani kwa Inspekta kwenda kwa mwendesha mashtaka, na Binti angetoka kituoni kwenda gereza la mahabusu. Mkuu wa kituo alikuwa ameyasema hayo mara mbili asubuhi hiyo, mara ya pili akiwa ameshashika kitasa cha mlango. Gereza hilo halikupokea watoto wachanga. Mtoto wa Binti alikuwa na miezi saba, na chupa alikuwa haitaki hata kuiona.

Sasa ilikuwa saa tatu na dakika kumi. Mama mkwe wa Binti alikuwa amemleta mtoto anyonye, kama alivyofanya kila asubuhi tangu Jumanne, na Inspekta alikuwa amesimama dirishani akiwapa mgongo. Hakuwa mtu wa kukaa. Koplo wake alishawaambia wenzake kwamba kiti cha Inspekta kingeweza kurudishwa dukani kikapokelewa kama kipya. Lakini wiki hii hata kusimama kulimshinda. Alikwenda dirishani, akarudi mezani, akafungua jalada, akalifunga, akatafuna kifuniko cha kalamu mpaka kikapasuka.

Jalada lenyewe lilikuwa fupi, na kila ukurasa ulimnyooshea Binti kidole. Baba yake, fundi wa fimbo za kuvulia samaki aliyejulikana mjini kote kama Bwana Milimita, alikutwa Jumanne saa saba mchana amelala sakafuni katika karakana yake, kisogo kimepondwa. Alipigwa kwa kipande cha chuma alichokuwa akikandamizia gundi, na chuma hicho kilikuwa kimefutwa vizuri. Daktari alisema kifo kilitokea kati ya saa tatu na saa saba; kwa joto la chini ya bati lile, zaidi ya hapo asingeapa.

Kilichobana muda ni mpini. Saa tatu na robo asubuhi jirani wa karakana, fundi cherehani, alimpelekea Bwana Milimita maji ya kunywa, akamkuta ameshika mpini mpya wa gome la kizibo, lile gome jepesi la kuzibia chupa. Tundu lake lilikuwa bado jembamba kama penseli. Alipokutwa maiti, mpini huo ulikuwa umeshatanuliwa tundu, umeingizwa kwenye ufito na kugandishwa. Kazi hiyo ilimchukua Bwana Milimita saa mbili, si dakika moja pungufu. Shemeji yake, fundi mwenzake wa zamani, alikuwa amelithibitisha hilo kwa maandishi. Kwa hiyo saa tano na robo Bwana Milimita alikuwa hai.

Na saa tano na nusu Binti alifika. Fundi cherehani, akiwa amesharudi kutoka kununua nyuzi, alimsikia akifoka: "Basi kaa na fimbo zako mpaka zikuzike." Baada yake hakupita mtu mwingine.

Maelezo ya Binti hayakuwa yamebadilika hata kwa neno. Mlango ulikuwa umefungwa. Aligonga, akaita, baba hakujibu, akapandwa na hasira, akasema aliyoyasema, akaenda zake. Hakuingia. Kabla ya hapo alikuwa kliniki kumpima mtoto uzito, tangu saa mbili hadi saa tano, na kadi ilikuwa na muhuri. Lakini kadi ya kliniki haikumsaidia kwa saa tano na nusu. Mkuu wa kituo alisema hayo ni maelezo ya mwanafunzi aliyesahau daftari nyumbani.

Nyuma ya Inspekta mtoto alicheua. Mama mkwe alitoa chupa ya maji, kifuniko kikamgomea. Binti akaichukua, mtoto begani, akaizungusha kwa vidole vya mkono mmoja na kuirudisha bila kuitazama.

Inspekta akageuka. "Umezoea."

Binti alisema ni kwa sababu ya baba. Miaka miwili iliyopita alikatwa na kioo kwenye kifundo cha mkono wa kulia, na tangu hapo yeye ndiye aliyemfungulia kila kitu: mikebe ya vanishi, chupa za gundi, hata dawa zake. Vidole vilishika, lakini kuzungusha kitu hakuweza tena. Ugomvi wao ulianzia hapo hapo. Yeye alimtaka afunge karakana apumzike, mwaka jana akalisema mbele ya wateja, na baba akamwambia asirudi mpaka apate adabu. Mjukuu hakuwahi kumwona. Jumanne, baada ya kliniki, alikuwa amempeleka amwone.

"Kuzungusha hawezi," Inspekta alirudia. "Na tundu la mpini linatanuliwaje?"

"Unaingiza tupa ndani, unaizungusha."

"Kwa saa mbili?"

Binti alimtazama machoni kwa mara ya kwanza wiki ile. Akasema kwamba baba alijitafutia njia nyingine baada ya kuumia. Njia gani, hakujua. Ilimtia haya, kwa hiyo kila alipoifanya alijifungia mlango. Ndiyo maana Jumanne yeye alipoukuta umefungwa hakushangaa. Alijua yumo, anafanya kazi, na hataki kumwona.

Inspekta alikuwa ameshachukua funguo.

*

Karakana ilikuwa chumba kirefu chembamba, upana wake mtu angeweza kunyoosha mikono akagusa kuta zote mbili. Meza ilikwenda ukuta mzima. Juu yake palikuwa na vibunda vya nyuzi za rangi, mota ndogo ya kuzungusha fimbo vanishi ikauke sawasawa, na jiliwa zito, lile koleo la mezani la kubania kazi, lililofungwa kwa nati nne. Kwenye kishikizo fimbo moja ya zamani ilikuwa imenyofolewa uzi nusu, kazi ya ukarabati iliyoachwa njiani. Kila kitu kilikuwa na mahali pake, na mahali pake pameandikwa.

Ukutani, kwenye misumari saba, zilining'inia tupa. Hazikuwa tupa za chuma kama za fundi makenika. Kila moja ilikuwa kipande cha fimbo iliyovunjika, chembamba mbele na kinene nyuma, kilichozungushiwa msasa na kugandishwa, nyuma kimetiwa kishikio cha mbao. Ufito wa fimbo ni mwembamba mbele, mnene nyuma. Tundu la mpini lazima liufuate hivyo hivyo. Likiwa kubwa kwa unywele, mpini unacheza. Likiwa dogo, gome linapasuka. Inspekta alikuwa ameyasoma hayo katika maelezo ya shemeji, na sasa alikuwa akiyatafuta kwa macho, akienda na kurudi, mpaka koplo akabana mgongo ukutani kumpisha.

Akamwita fundi cherehani. Mama huyo alikuja na futi yake shingoni, akabaki kizingitini, kwani tangu Jumanne hakutaka kuvuka. Inspekta alimuuliza tena kuhusu ile kelele ya saa tano na nusu. Yeye akarudia neno kwa neno, kuhusu fimbo na kuzika.

"Na Bwana Milimita alijibu nini?"

"Hakujibu. Ndivyo alivyokuwa, akinuna anaweza kukaa bubu siku tatu."

"Ulimsikia akinuna?"

Mama alivuta futi mkono huu na mkono huu. "Kununa hakusikiki, Afande."

"Kwa hiyo ulisikia sauti moja."

Akakubali kwamba ndiyo, ilikuwa moja. Kituoni alipoulizwa kama walikuwa wakigombana alisema ndiyo, na hakuna aliyemuuliza wangapi. Koplo aliandika hilo, masikio yakimwiva, maana yeye ndiye aliyeyachukua yale maelezo.

Inspekta alikuwa ameshapanda kwenye kigoda mbele ya zile tupa saba. Akapuliza. Vumbi liliruka kutoka kwenye ya kwanza, ya pili, ya tatu. Buibui alikuwa ameunganisha ya tano na ya sita kwa utando wa kutosha kuvulia dagaa. Ile ya nne, ndefu kuliko zote, haikuwa na kitu. Ilikuwa safi, na katikati ya punje za msasa wake kulikuwa na unga mwepesi wa rangi ya biskuti.

"Huyo ni Mstaafu," mama akasema kutoka mlangoni. Alieleza kwamba ndilo jina Bwana Milimita alilompa. Mwaka juzi, wiki ile ile aliyotolewa nyuzi za mkono, alimletea hiyo tupa akamwomba aishonee kitanzi kizuri, kwa vile amefanya kazi vyema na sasa anapumzika. Alimshonea kwa kitambaa chekundu kilichobaki kwenye sare za shule. "Nikamuuliza na wewe unastaafu lini. Akaniambia nikamshonee mume wangu suruali."

Inspekta hakucheka, lakini alisimama tuli kwa mara ya kwanza tangu asubuhi. Kisha akavaa glavu, akamtoa Mstaafu msumarini kwa ncha ya kitanzi, akampa koplo mfuko wa vielelezo. Kishikio kilikuwa na vanishi, na vanishi hushika alama za vidole vizuri kuliko kioo. Akaagiza mfuko upelekwe maabara kwa pikipiki, sasa hivi, alama zilinganishwe na za wote walioandikisha maelezo kituoni, na majibu yaje kwa simu.

Koplo aliporudi kutoka barabarani alikuwa na wazo lake. Kama mzee hakuweza kuzungusha, basi amezungushiwa, na anayemzungushia vitu vyote ni Binti.

"Saa ngapi?" Inspekta aliuliza. "Mama huyu alirudi saa tano akakaa mlangoni pake mpaka saa saba. Binti alifika na kuondoka ndani ya dakika kumi. Na kabla ya saa tano yuko kliniki. Atatanua tundu kwa macho?"

Koplo akafuta alichoandika.

Swali likawa moja: Bwana Milimita mwenyewe alifanyaje? Inspekta alifungua droo zote. Alipiga magoti akatazama chini ya meza. Kwenye ndoo ya mabaki, kati ya vipande vya gome na uzi uliochanganyikana, alikuta tupa ya nane. Ilikuwa fupi, haina kishikio. Mkia wake ulikuwa umechongwa pande nne ukawa bapa, na bapa hizo zilikuwa na meno. Msasa wake ulikuwa umelainika kwa kutumika.

Akaipeleka kwenye jiliwa. Meno ya mkia yalikaa kwenye meno ya jiliwa kama mguu kwenye kiatu chake. Akalikaza. Tupa ikabaki imechomoza mbele yake kama kidole kinachoonyesha mlango. Kwenye boksi akachukua mpini mbichi, akauchomeka kwa mbele, akauzungusha kwa kiganja cha mkono wa kushoto. Unga wa gome ukaanza kumwagika mezani.

"Hakuzungusha tupa," alisema. "Alizungusha mpini."

Kisha akaomba kielelezo cha Jumanne, ule mpini uliokutwa umegandishwa kwenye ufito. Alizima taa, akafunga dirisha, akaulaza mwanga wa tochi kwa ubavu juu ya gome. Kwenye pande mbili zinazotazamana kulikuwa na mabapa mawili, si zaidi ya unene wa karatasi, na ndani ya kila bapa mistari myembamba iliyopangana. Mpini huu ulibanwa kwenye jiliwa. Aliyeubana aliufunga kwanza na kitu laini chenye mistari, kisha akasimama juu yake na tupa ndefu ya mikono miwili.

Hivyo ndivyo Bwana Milimita alivyofanya kazi zamani, kabla ya kioo. Mtu aliyeifanya Jumanne aliijua karakana ya siku zile. Ya leo hakuijua.

Ilikuwa saa sita na robo. Inspekta alimpigia simu shemeji wa marehemu, akamwomba kwa heshima zote aje kuonyesha hatua za kazi, kwa sababu mwendesha mashtaka hajui tupa wala kijiko. Yeye akasema atafika saa saba na nusu. Inspekta akamwambia koplo atundike tupa nyingine kwenye msumari wa nne. Baada ya hapo alitembea. Alihesabu hatua kutoka mlangoni hadi jiliwa, kumi na moja, mpaka fundi cherehani akamtumia ujumbe kwa koplo kwamba sakafu ile ni ya kupanga.

*

Shemeji huyo, Binti alimwita Mjomba, na koplo naye alishaanza kumwita hivyo. Alikuwa mwanaume mpana mwenye shati lililonyooshwa na beji ya klabu ya wavuvi kifuani. Alisimama mlangoni akafuta viatu, akasema kuingia mle kunamkata maini. Inspekta alimpa pole. Akamuuliza, kwa ajili ya kumbukumbu tu, mara ya mwisho aliingia lini, naye akajibu kwamba tangu walipogawana vifaa na marehemu, miaka mitatu kasoro mwezi, hajakanyaga. Wakisalimiana ni kwa simu. Hata Jumanne saa tatu kasoro marehemu alimpigia kumsalimu. Koplo aliandika, akamsomea, naye akatia sahihi.

Inspekta akamkabidhi mpini mbichi na ufito mtupu, akaangalia saa.

Mikono ya Mjomba ilikuwa na akili yake yenyewe. Mkono wa kushoto uliingia chini ya meza, bila macho kuufuata, ukarudi na kipande cha tyubu ya baiskeli. Akaufunga mpini, akaubana kwenye jiliwa, akaligusa kuona kama limekaza. Akageuka ukutani, mkono ukaenda moja kwa moja kwenye msumari wa nne, ukasita.

"Ile yenye kitanzi chekundu iko wapi?" alisema. "Hii haitafika mwisho."

Kalamu ya koplo ilisimama. Inspekta alijibu, kwa sauti ya mtu anayeulizwa saa, kwamba iko kituoni pamoja na vielelezo, atumie hiyo iliyopo.

Akatumia hiyo iliyopo. Alizungusha mara nne, akachomoa, akagonga unga, akajaribisha kwenye ufito, akarudia. Alifanya upesi na vizuri. Ilipopita kama nusu saa alikumbuka zile saa mbili alizoziandika kituoni, akaanza kujivuta, akawa anafuta jasho lisilokuwepo.

"Usipunguze mwendo," Inspekta alimwambia. "Endelea ulivyoanza."

Ufito uliingia ukakaa. Dakika arobaini na nane.

Inspekta aliufungua mpini kutoka kwenye jiliwa, akavua tyubu, akauweka kando ya ule wa Jumanne. Tochi aliilaza mwenyewe. Mabapa mawili hapa, mabapa mawili kule, na mistari ya tyubu ile ile.

Mjomba alisema kila fundi anabana hivyo. Inspekta alikubali kwamba ni kweli, kila fundi mwenye mikono miwili mizima. Akamuuliza kama anajua kwamba shemeji yake hakuweza kuzungusha hata kifuniko cha soda. Ilionekana wazi kwamba hakujua. Rangi ilimtoka kwenye midomo kwanza.

"Kitanzi chekundu," Inspekta alisema. "Ulikiona lini?"

"Kipo siku zote. Tangu zamani zetu."

Inspekta akamwita fundi cherehani, na safari hii mama alivuka kizingiti. Alieleza lini alikishona, kwa kitambaa gani, na mkono wa nani ulikuwa na mshono bado mwekundu siku hiyo. Alimweleza koplo. Mjomba hakumtazama hata mara moja.

Akasema basi labda alikiona kwenye picha za polisi. Koplo alipekua jalada. Mjomba alionyeshwa kitu kimoja tu kituoni, mpini ukiwa ndani ya mfuko, na sahihi yake ilikuwa chini ya orodha.

Simu ya Inspekta ililia. Alisikiliza kwa sekunde chache, akasema asante, akaikata. Kisha akatoa ile tupa fupi isiyo na kishikio, akaiweka mezani mbele ya Mjomba, akamuuliza ni nini.

"Imevunjika hiyo. Takataka."

"Ndivyo ulivyofikiri Jumanne pia. Uliikuta kwenye jiliwa, ukaitoa, ukaitupa kwenye ndoo." Inspekta alikuwa amesimama karibu naye sasa, na hakuwa akitembea tena. "Asiyejua kazi angeiacha pale pale. Fundi tu ndiye anayeiona tupa isiyo na kishikio akasema takataka. Miaka miwili mzee huyu amefanyia kazi hiyo takataka. Vidole vyako viko kwenye Mstaafu, vitatu vya kulia na gumba la kushoto. Wamenipigia sasa hivi."

Mjomba alitafuta mahali pa kukaa. Palikuwa na kigoda kimoja, na Inspekta alikisogeza kwa mguu kumwelekea. Alimsomea haki zake za kunyamaza, polepole, kila neno, kwa sababu hakutaka wakili yeyote baadaye amtoe mtu huyu kwa neno lililorukwa.

Hakunyamaza. Aliongea akiitazama ile fimbo ya zamani iliyonyofolewa uzi nusu. Ilikuwa na jina lake, Mjomba, juu ya vanishi. Mteja aliileta kwa Bwana Milimita kwa ukarabati, na Bwana Milimita, kabla ya kugusa kitu, alichungulia tundu la mpini wake akajua nani alilitanua. Akanyofoa uzi, na chini ya jina la shemeji akakuta lake mwenyewe limekwanguliwa. Walipogawana vifaa Mjomba aliondoka na fimbo ishirini na moja, na miaka mitatu alizitembeza kama zake. Jumanne saa tano kamati ya klabu ilikuwa inakaa kumchagua fundi mkuu. Saa tatu kasoro marehemu alimpigia akamwambia atakuja kwenye kikao na fimbo hiyo mkononi. Basi akaja kumwomba. Alimwomba mpaka akapiga magoti. Mzee hakubishana, hakutukana. Alimpa mgongo akaenda kwenye jiliwa kuanza kazi.

"Angenitukana tu," Mjomba alisema.

Baada ya hapo aliuona mpini mbichi mezani. Aliufanya upesi, kwa mikono ile ile aliyofundishwa katika chumba kile, akaweka kila kitu mahali pake palipoandikwa, akavuta mlango ukajifunga. Alitaka ionekane mzee alikuwa na asubuhi ya kawaida mpaka saa ya kikao, yeye akiwa mbele ya kamati. Kwamba Binti angekuja kugonga, hakulijua, na alipolisikia alinyamaza.

"Nilimmalizia kazi yake," alisema, kama mtu anayengoja kushukuriwa.

Koplo alimfunga pingu. Ilikuwa saa tisa na dakika kumi na tano.

*

Mkuu wa kituo alilirudisha jalada shingo upande, akauliza kwa nini maelezo ya jirani hayakusema sauti ni ngapi. Inspekta alisema ni kosa lake yeye, kwa kuwa ndiye aliyeyapitisha.

Saa kumi kasoro dakika tano Binti alikuwa kaunta akipewa vitu vyake: simu, mshipi, kadi ya kliniki, khanga ya kubebea mtoto. Alisaini alipoonyeshwa. Inspekta alikuwa amemweleza habari yote ofisini, bila kuipaka sukari, mjomba wake na fimbo na saa. Binti alikuwa amesikiliza bila kulia. Sasa alishika kalamu hewani.

"Nilipokuwa nagonga," alisema. "Alinisikia?"

"Hapana. Alikuwa ameshakufa. Zaidi ya saa nzima."

"Hata yale maneno?"

"Hata hayo. Uliuambia mlango."

Mama mkwe, mtoto mikononi, alimnong'oneza kwamba Mungu ashukuriwe. Binti hakuonekana kumsikia. Alikuwa bado anamtazama Inspekta.

"Angenifungulia?"

Inspekta alifikiri juu ya mzee aliyejifungia mlango ili asionekane akifanya kazi kwa mkono wa kushoto, na juu ya ndoo ya mabaki, na juu ya simu aliyokuwa hajampigia mwanawe mwenyewe wiki hiyo. Angeweza kusema ndiyo, na hakuna ambaye angemkosoa.

"Sijui," alisema. "Sikumfahamu. Ninachojua ni kwamba hakukataa."

Binti aliitia sahihi ile ya mwisho. Pembeni koplo alikuwa akihangaika na chupa yake ya maji, meno yamekaza, kifuniko kimegoma. Binti aliichukua mkononi mwake, akaizungusha, akamrudishia bila kuitazama. Ndipo alipokitazama kiganja chake, akakaa chini palepale kwenye benchi la wageni, na machozi yakaja.

Inspekta alivuta kiti, akakaa kando yake.